Marehemu Aomba Kalamu

Kama gazeti la wiki jana ulilifungia vitumbua kabla hujalisoma, shauri yako, lakini leo nitakuhurumia kidogo. Tulimwacha Vern Stachowiak nyuma ya kaunta ya duka lake la kadi za wachezaji wa besiboli, hapa Harmon Falls, Ohio, anapiga mluzi. Asubuhi ile redio ilitangaza kifo cha Boyd Ketterman, mrusha mpira mashuhuri wa zamani na mwana wa mji huu. Kufikia saa nane mchana Vern alikuwa amekwisha kuuza kila kadi aliyokuwa nayo yenye saini ya marehemu, kwa mara tatu ya bei ya jana yake.

Ndipo kengele ya mlangoni ilipolia. Vern akainua macho, mluzi ukamkatikia mdomoni.

Aliyeingia alikuwa Boyd Ketterman.

Hakuwa mzuka. Mzuka haukung'uti theluji kwenye viatu, wala haupengi kamasi kwenye kitambaa cha mistari. Mzee alikuwa mzima, mrefu vilevile, koti lake la kijani limefungwa vifungo vimepishana.

"Vern, kijana wangu," alisema. "Una kalamu?"

Vern alichungulia mlango nyuma ya mzee.

"Ile ya wino wa bluu. Yangu imekauka. Na kama una kadi zangu ambazo sijazisaini zilete hapa, nikusainie chache upesi upesi unipe chochote. Sijala tangu jana."

Vern aliruka kaunta. Mwanamume wa miaka hamsini na ushei, mwenye kitambi na goti bovu, aliruka kaunta. Aligeuza kibao cha mlangoni kikasoma "Tumefunga", akazima taa ya dirishani, akamshika marehemu kwapani na kumkokota hadi chumba cha nyuma, katikati ya maboksi.

"We vipi? Utanivunja mkono! Huu ndio mkono wenyewe!"

"Shh! Mzee Boyd, umekuja na nani? Nani amekuona?"

"Anione nani? Barabarani hakuna hata paka."

"Wako kanisani! Wanakuombea wewe!"

"Mimi nina nini?"

"Umekufa!"

Boyd alijishusha taratibu juu ya boksi. "Lini?"

"Leo. Redio imetangaza saa mbili asubuhi."

"Nimekufa na nini?"

"Usingizini. Kwa amani."

Mzee alitikisa kichwa kama mtu anayesomewa majibu ya hospitali. "Afadhali," alisema. Akakuna kidevu. "Na bei?"

"Mara tatu."

"Mara tatu tu?" Sura ilimbadilika palepale. "Dutch Amory alipokufa si ilikwenda mara tano? Dutch Amory! Yule bwana alikuwa hawezi kurusha mpira ukaingia hata kwenye pipa!"

"Dutch alikufa kabla mabenki hayajaanguka, mzee. Siku hizi hali ni ngumu kwa kila mtu, hata kwa wafu."

Utaniuliza redio ilikoseaje. Redio yetu ilikuwa imempunguza kazini mwandishi wake wa habari tangu Novemba, na habari zikawa zinasomwa na yule bwana wa matangazo ya matairi. Huyo alisikia kwamba nyumba ya Ketterman haijawashwa taa wiki nzima, magazeti yamerundikana barazani, na gari la wagonjwa limeonekana mtaa uleule. Akajumlisha mwenyewe. Kumbe mzee alikatiwa gesi akakimbilia Indiana kwa dada yake kuota moto, mpaka dada alipomchoka. Gari la wagonjwa lilimfuata jirani aliyeteleza kwenye barafu.

Na utaniuliza kifo na bei vinahusiana vipi. Watu wa kadi wana desturi yao moja ambayo huwa hawaielezi mbele ya wake zao. Mchezaji akifa, saini yake hupanda bei siku hiyohiyo, kwa sababu mkono umeacha kusaini na zilizopo ndizo hizohizo. Kwa hiyo mtu wa kadi husoma ukurasa wa vifo kwanza, halafu ndiyo ageukie wa michezo.

Mji wetu ulikuwa umekaa vibaya mwaka ule. Kiwanda cha vioo vya magari kilipofunga milango, kila baba aliteremka chumba cha chini ya nyumba, akapandisha boksi lake la kadi za utotoni, akalibeba hadi kwa Vern huku akimwambia mkewe asiwe na wasiwasi, wako salama. Wote walizaliwa miaka ileile, walinunua pakiti zilezile zenye ubani wa kutafuna ndani, na wote walizitunza kadi zilezile kwa miaka ishirini bila kuzigusa. Kwa hiyo wote walikuja na hazina moja. Vern alizipokea nyingine kwa huruma, akazitumia kuzuia mlango usigongwe na upepo.

Kadi iliyobaki na heshima ilikuwa ya Ketterman, ile ya mwaka wake wa kwanza ligini. Lakini naye mabenki yalimwangusha. Alipoishiwa alianza kulipa kwa saini. Kinyozi alisainiwa, fundi gari alisainiwa, daktari wa meno alisainiwa mara mbili, juu na chini. Ikafika mahali kadi ya Ketterman isiyo na saini ikawa adimu kuliko yenye saini, na Vern, aliyekuwa na rafu nzima ya saini zile, akawa kila akimwona mzee akipita na kalamu mfukoni anashikwa na kiungulia.

Vern alikuwa na sababu ya kuing'ang'ania bei ile mpya. Jengo lile ni la mkewe, Darlene, aliyeachiwa na mama yake. Na Darlene alikwisha kusema waziwazi: ikifika Pasaka duka haliwezi kusimama kwa miguu yake, kadi zinatoka, masinki ya kuoshea nywele yanaingia, na binamu yake anafungua saluni. Vern angekwenda kubeba magodoro kwenye bohari la shemeji yake. Duka lile ndicho kitu pekee maishani alichokichagua mwenyewe, na asubuhi ile, kwa mara ya kwanza tangu kiwanda kifunge, alimpigia mkewe simu kwa sauti ya kiume. "Darlene, hiyo futi yako ya kupimia iache nyumbani." Darlene akajibu, "Nitakuja nijionee."

Sasa turudi chumba cha nyuma.

"Walionunua ni akina nani?" aliuliza Boyd.

"Watu wote. Vijana wa kiwandani. Gil Pruitt peke yake kabeba boksi zima."

"Gil mume wa Connie? Pesa katoa wapi?"

"Kiinua mgongo chake."

Mzee alishusha macho. Alimjua Gil tangu akiwa mtoto wa kuokota mipira. "Kwa hiyo mimi nikitoka hapo nje nikasalimia watu…"

"Kadi zinarudi kuwa karatasi. Nao wanarudi hapa."

"Watataka pesa zao."

"Wataanza na pesa zao. Halafu watanitaka mimi."

Boyd alifikiri. Alipoinua kichwa, macho yalikuwa na ule mng'ao aliokuwa nao zamani kabla ya kumrushia mtu mpira wa masikioni.

"Basi nisitoke," alisema. "Sikiliza, Vern. Nikiwa hai sina faida kwa mtu yeyote. Dada yangu mwenyewe kanifungia begi. Nikiwa nimekufa nina bei. Niache nife mpaka Pasaka. Mimi nasaini humu ndani, wewe unauza huko mbele, unasema ulizisahau stoo. Tunagawana nusu kwa nusu."

"Huo ni wizi, mzee."

"Wizi wa nini? Saini yangu, mkono wangu. Cha kwako ni wino tu."

Vern alitafuta jibu. Kusema kweli hakutafuta sana. Aliyaona yale masinki ya kuoshea nywele yamepangwa pale penye rafu zake, akamwona binamu ya Darlene anacheka na wateja, akaingiza mkono mfukoni na kutoa kalamu ya bluu.

Mwezi ule kiwanda pekee kilichoajiri mtu Harmon Falls kilikuwa chumba cha nyuma cha Vern Stachowiak, na mfanyakazi wake alikuwa marehemu.

Boyd alisaini haraka, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo. Baada ya kadi kadhaa akasimama. "Na chakula?"

"Baadaye."

"Mkate na soseji tu, Vern. Kwa Stavros hapo ng'ambo. Awekee na mchuzi wa nyama juu."

"Stavros ananijua, mimi huwa nakula kwangu. Nikinunua leo ataniuliza ni cha nani. Vumilia kidogo."

"Hata mfu wa kawaida siku ya mazishi yake watu wanakula."

"Wanakula watu, mzee. Yeye hali."

Simu ikalia. Vern alikimbilia mbele. Alikuwa Chip Lindqvist, mfanyabiashara wa kadi kutoka Columbus, mtu mwenye meno meupe mno na gari analoliwasha moto kwa rimoti, yeye akiwa bado ndani anakunywa kahawa. Vern alimchukia kwa muda mrefu na kwa raha.

"Vern, ndugu yangu, pole na msiba."

"Asante, Chip."

"Alikuwa mtu wa watu. Umebakiwa na ngapi?"

Vern alitazama mlango wa nyuma. "Nilidhani zimekwisha. Kumbe kuna chache nilizisahau stoo."

"Nazichukua zote. Taslimu. Niko hapa hapa mjini, nimeshaegesha."

"Usipite mbele. Watu wakikuona wataanza maneno. Pita kichochoroni, gonga mlango wa nyuma."

Alipokata simu ndipo akili ilipomrudia. Mlango wa nyuma unafungukia wapi? Chumba cha nyuma. Na chumba cha nyuma yuko nani? Vern aligeuka mbio akamfiche mzee msalani, na palepale mlango wa mbele ukaanza kugongwa kwa ngumi.

"Vern! Fungua! Nakuona miguu!"

Alikuwa Gil Pruitt. Kofia ya kiwanda imeshuka hadi kwenye nyusi, suti ya kanisani imechungulia chini ya jaketi.

"Nimetoroka misa kidogo," alisema akijipenyeza ndani. "Padri kaanza kuyasimulia mashindano ya mwaka ule, na hajui lolote kuhusu besiboli. Sikiliza. Vijana wamekubaliana. Ijumaa jioni tunakutana ukumbi wa maveterani, tunamuaga Boyd kwa heshima. Wewe ndiye utakayezungumza."

"Mimi?"

"Nani mwingine? Wewe ndiye uliyemjua. Kinyozi alitaka, tukamwambia anyamaze." Gil alivua kofia. Macho yalikuwa mekundu, na hayakuwa ya kuigiza. "Vern, umebakiwa na moja? Moja tu. Zile nilizochukua ni za biashara. Hii nataka nimwekee Connie kwenye fremu, ili siku nitakapomwambia nilichofanya na kiinua mgongo, awe na kitu cha kutazama."

Mtu mwingine angesema zimekwisha. Vern naye alitaka kusema hivyo, ila ulimi wa muuza duka una mazoea yake. "Ngoja nikuangalizie stoo."

Aliingia nyuma, akaichukua kadi ya juu kabisa mbele ya Boyd, akamnong'oneza, "Ingia msalani!", akatoka. Mzee alikuwa anatafuta kofia yake na hakusikia.

Gil aliipokea kadi kwa mikono miwili. Kijana mrefu wa zamani alimtazama kutoka kwenye karatasi, mguu wa kulia juu, mpira nyuma ya kichwa. Gil alipitisha kidole gumba juu ya saini, taratibu, kama unavyomfuta mtoto machozi.

Saini ikafuata kidole.

Gil alitazama kadi. Akatazama kidole. Kilikuwa cha bluu.

"Vern."

"Naam."

"Wino haujakauka."

"Ni hii baridi, Gil. Wino ukikaa kwenye baridi huwa…"

"Boyd kafa usingizini."

"Kwa amani."

"Basi hii kaisaini saa ngapi?"

Jokofu la soda lilinguruma pembeni, likazima.

"Umesaini wewe," alisema Gil. Hakupaza sauti, na heri angepaza. "Umekaa huko nyuma unasaini jina la Boyd, na maiti yake haijapoa."

"Hapana! Gil, haki ya Mungu, saini hii ni ya kweli!"

"Ya kweli vipi na mwenyewe yuko mochwari?"

Hapo sasa. Vern alikuwa na njia mbili na zote ziliishia shimoni. Akimficha mzee, kadi zinabaki na bei lakini yeye ni mghushi, na hapa Ohio mghushi wa saini hawezi kuuza hata barafu. Akimtoa mzee, saini inakuwa ya kweli na thamani yake inakufa papo hapo. Ili aonekane mtu safi, ilibidi afilisike.

Kabla hajasema neno ufunguo ulizunguka kitasani. Mwenye ufunguo mwingine wa duka lile alikuwa mmoja tu.

"Mbona kibao kinasema mmefunga na nyie mnabishana humu ndani?" Darlene aliingia, theluji mabegani, futi ya kupimia imening'inia shingoni kama ya fundi cherehani. Alimtazama mumewe, akamtazama Gil. "Kuna nini?"

"Muulize mumeo."

"Vernon?"

Darlene humwita jina zima kwa habari mbaya tu. Mara ya mwisho ilikuwa siku kiwanda kilipofunga.

"Mumeo anaghushi saini za marehemu," alisema Gil, akanyanyua kidole cha bluu. "Mimi kiinua mgongo changu chote kimebaki kwenye kaunta hii, Darlene. Connie hajui. Nilijiambia, Boyd tulimpenda, lakini angalau sasa mkono wake umetulia, hakuna wa kutuharibia bei tena. Kumbe mumeo ana mkono wake."

"Vernon, ni kweli?"

"Si kweli."

"Na huo wino?"

Ningependa kukuambia kwamba Vern alichagua upesi. Hakuchagua upesi. Alilitazama duka lake: makasha ya kioo aliyoyasugua kila Jumatatu, picha za timu zilizofifia, kiti ambacho wanaume wasio na kazi walikuja kukalia wakajifanya wananunua. Alikitaka kile kiti kibaki pale. Kisha akakitazama kidole cha Gil, ambacho kilikuwa bado kimenyanyuliwa, akaona aibu, aibu ya kweli iliyompanda hadi masikioni.

"Gil," alisema, "mimi ni mchoyo, na leo nimekuwa mwongo. Lakini saini ya mtu sijawahi kuiga. Njoo."

"Niende wapi?"

"Chumba cha nyuma. Nitakachokuonyesha kitakuuma kuliko wizi. Kadi zako zitarudi bei ya juzi. Pesa yako nitakurudishia leo, yako na ya kila mtu. Na wewe, Darlene, leta hiyo futi. Anza kupimia masinki popote unapotaka."

Darlene hakusogea. Katika miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kumsikia mumewe akizungumza namna ile, na nadhani kidogo alimpenda.

Vern akaufungua mlango kwa nguvu.

"Haya, mzee Boyd! Toka, yamekwisha!"

Chumba kilikuwa kitupu.

Msalani hakukuwa na mtu. Mlango wa nje ulikuwa wazi, theluji inapeperukia ndani juu ya maboksi. Kadi zilizosainiwa hazikuwapo, zisizosainiwa hazikuwapo, kalamu haikuwapo. Kilichobaki juu ya boksi ni kifuniko cha kalamu. Nje, nyayo za watu wawili zilifuata kichochoro kuelekea barabara kuu. Zile ndogo zilikuwa za viatu vya bei mbaya.

"Alikuwa hapa," alisema Vern.

"Nani?"

"Boyd. Yuko hai. Alikuwa amekaa hapa, juu ya hili boksi. Aliniomba kalamu."

Gil na Darlene walitazamana, wakamtazama yeye. Vern aliyajua macho yale. Yeye mwenyewe aliwatazama hivyo wanaume waliomletea maboksi yao ya utotoni. Siku nzima aliuza uongo na watu wakampa pesa. Sasa alikuwa anasema kweli na hata mkewe alianza kumpapasa paji la uso kuona kama ana homa.

"Kaa chini, mpenzi," alisema Darlene kwa upole, na upole ule ulimtisha kuliko jina zima.

"Nitakwenda kwa sherifu," alisema Gil. "Nilitaka nikuache mpaka Ijumaa, ukaungame mbele ya watu pale ukumbini. Lakini ukifika mahali unaniambia maiti kaja kukuomba kalamu…"

Simu ikalia.

Darlene ndiye aliyekuwa karibu nayo. "Duka la kadi. Ndiyo, ni mimi. Hajambo, anaumwa kidogo." Alisikiliza. Rangi ilimtoka usoni polepole, kuanzia kwenye mdomo. Akaziba kipaza sauti kwa kiganja.

"Ni Chip Lindqvist. Yuko kwa Stavros hapo ng'ambo."

"Anasemaje?"

"Anakushukuru kwa kumwelekeza mlango wa nyuma. Anasema wameshaelewana, na safari hii yeye atagharamia chakula." Alimgeukia mumewe. "Na anauliza marehemu huwa anakula vitunguu, au vinamsumbua tumbo? Hataki amharibikie mapema."

Darlene aliirudisha simu mahali pake taratibu, kana kwamba ingeweza kuuma.

Gil alikwenda dirishani. Ng'ambo ya barabara, nyuma ya kioo chenye ukungu cha Stavros, mtu mrefu mwenye koti la kijani alikuwa ameinamia sahani kwa bidii, na mkono wake wa kushoto, ule ambao haukuwa unakula, ulikuwa unaandika.

"Nilikuambia," alisema Vern, sauti ndogo. "Ni ya kweli."

Gil alikirudia kidole chake gumba, akakitazama muda mrefu. Vern alisimama akingoja ngumi, na aliona ni haki yake. Tayari alikuwa amefungua droo kumrudishia mwenzake pesa.

"Nani mwingine anajua kwamba yuko hai?" aliuliza Gil.

"Sisi watatu. Na Chip, na sasa Stavros. Gil, chukua pesa yako, ndiyo hii."

"Funga hiyo droo."

"Gil…"

"Nimesema funga. Nina boksi zima nyumbani, Vern. Pesa yako inanirudisha nilipokuwa jana, na jana sikuwa na kitu." Aliuendea mlango wa mbele, akahakikisha kibao bado kinasoma "Tumefunga", akakivaa tena kile kikofia chake cha kiwanda. Hakuwa na macho mekundu tena. "Mpaka Ijumaa nitakuwa nimeziuza zote. Wewe utasimama pale ukumbini, utazungumza vizuri, utalia kidogo. Mtu mmoja ataenda kumtoa huyo mzee kwa Stavros kabla mtu mwingine hajamwona. Ijumaa tunamuaga kama anavyostahili."

Vern alimtazama mkewe. Darlene, ambaye hakuwahi kukosa la kusema tangu ubatizo wake, alikuwa anaizungusha futi kidoleni, anapiga hesabu zake kimya.

Kengele za kanisa zikaanza kulia. Misa ya kumwombea Boyd Ketterman ilikuwa imekwisha, na milango ikafunguliwa, mji mzima ukamiminika barabarani kwa suti nyeusi, kinyozi mbele.

Ng'ambo, mlango wa Stavros nao ukafunguka.